Saa ya kufunga baa huamuliwa kabla baa haijafunguliwa

Katika sheria za Kenya, usiku huanza mara mbili. Kwa kanuni za kelele za mwaka 2009, huanza saa 2 na dakika moja. Kwa sheria ya vileo ya mwaka 2010, ile ambayo wengi bado wanaiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipigania, baa ya kawaida inaruhusiwa kuuza kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na kuanzia saa 8 mchana hadi saa 5 usiku wikendi na sikukuu. Katikati hapo kuna saa tatu ambazo mwenye baa anauza kihalali kabisa, na wakati huo huo haruhusiwi kumfikishia jirani sauti inayozidi desibeli 35. Ugomvi wa Kilimani, Kileleshwa na Lavington jijini Nairobi huzaliwa ndani ya saa hizo tatu. Mwenye baa ananyoosha kidole kwenye leseni ukutani: imeandikwa saa 5. Jirani wa ghorofa ya sita ana mtoto ambaye hajalala tangu saa 2. Kila mmoja ana karatasi ya serikali inayomuunga mkono.

Kwa sababu hiyo mjadala wa saa za kufunga, jinsi unavyoendeshwa sasa, hauwezi kumaliza lolote. Wakazi wanadai saa 4, wenye biashara wanadai saa 9 alfajiri, viongozi wanakata katikati, na baada ya miezi michache kelele zimerudi pale pale. Saa inayofaa kuwekwa ina mahali pake: ni ndani ya kibali cha kubadilisha matumizi ya ardhi, kabla ya meza ya kwanza kuingizwa kwenye ua. Ikikosekana hapo, kila kinachofuata ni kukimbizana.

Mazingira yenyewe yaeleweke kwanza. Mwongozo wa kanda ambao jiji lilianza kuutumia katikati ya miaka ya 2000 uliziweka Kilimani, Kileleshwa na Riverside katika Kanda ya 4: makazi, fleti zikiruhusiwa penye bomba la maji taka, zisizidi ghorofa nne. Leo mtu akisimama Argwings Kodhek au Lenana Road anaona minara iliyopita ghorofa kumi. Kati ya minara hiyo yamebaki mabangalo ya zamani yenye bustani pana. Mwenye bangalo ambaye hana mtaji wa kujenga mnara, au anayesubiri bei ya ploti ipande zaidi, hulikodisha. Mpangaji huleta mkahawa. Nyumba inakuwa jikoni na stoo, bustani inafunikwa kwa hema, jiko la nyama choma linakaa karibu na ukuta wa jirani, na baada ya muda spika zinapanda kwenye nguzo za hema. Hema halizuii sauti hata kidogo. Ukuta wa ua wa mita mbili unamkinga aliye chini, lakini mtu wa ghorofa ya sita anaiona spika moja kwa moja, na sauti nayo inamfikia moja kwa moja.

Biashara kama hiyo hufika hapo kwa karatasi tatu. Ya kwanza ni kibali cha mipango ya ardhi chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, kinachobadilisha ploti kutoka makazi kuwa biashara. Ya pili ni leseni ya biashara ya kaunti, ambayo Nairobi siku hizi imeunganishwa na ada za zimamoto, afya na mabango. Ya tatu ni leseni ya pombe, inayopitia kamati ya kaunti ndogo. Kisheria yenye nguvu ni ile ya kwanza, kwa kuwa inashikamana na ardhi. Nyingine mbili huisha kila mwaka. Kivitendo mambo yamepinduka: leseni ya pombe ndiyo inayotundikwa ukutani na kuonyeshwa askari, na kibali cha ardhi hakuna anayekiuliza.

Ujanja wote umejificha kwenye pengo hilo. Kibali kinasema mkahawa. Leseni ya pombe inaombwa katika daraja la mkahawa au hoteli, na kila daraja la leseni lina saa zake. Mchana kweli ni mkahawa: familia zinakula, watoto wanacheza. Ikifika saa 3 usiku meza za katikati zinaondolewa, DJ anapanda, mlangoni kunasimama baunsa, na mahali pale pamekuwa kilabu bila hata ukurasa mmoja wa maombi kubadilishwa. Afisa wa leseni akija anaona leseni halali. Afisa wa mipango haji kabisa, kwa sababu kwenye vitabu vyake ni mkahawa. Hakuna aliyedanganya kwa maandishi, na ndiyo maana kesi hizi huwa ngumu kuliko zinavyoonekana.

Mtu asije akakubali maelezo kwamba ofisi hizi ziko mbalimbali na haziwezi kusemezana. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, sehemu ya pili, limeziweka kazi zote tatu mikononi mwa kaunti: mipango ya ardhi, udhibiti wa kelele na kero nyingine za umma, na utoaji wa leseni za pombe. Bosi ni mmoja. Kinachohitajika ni fomu ya leseni ya pombe kuwa na mstari wa nambari ya kibali cha ardhi na masharti yake, na karani kukataa kupokea fomu yenye mstari mtupu.

Sasa tuingie kwenye kibali chenyewe. Mwombaji anatakiwa kuutangazia umma. Kwa kawaida huwa ni tangazo dogo gazetini na kibao kwenye geti la ploti, na muda wa kupinga huwa siku 14. Kibao hicho ndicho tukio kubwa kuliko yote yatakayofuata, na ndicho ambacho watu hupita mbele yake kila asubuhi wakielekea kazini bila kusoma. Sheria inamruhusu afisa wa kaunti kukubali, kukataa, au kukubali kwa masharti. Ina pia kifungu ambacho wakazi wengi hawakijui: mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, huhesabiwa kuwa amepewa kibali. Ofisi ikilala, baa imeshinda, tena imeshinda bila sharti hata moja.

Asiyeridhika na uamuzi, awe mwombaji au jirani, ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiza rufaa za mipango ya ardhi, kisha Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Anayeendeleza ardhi bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili.

Pingamizi nyingi za wakazi hupotea kwa sababu zinaandikwa kama malalamiko ya maadili: pombe inaharibu vijana, mtaa umekuwa Sodoma. Afisa wa mipango hana pa kuyaweka maneno hayo. Anachoweza kukitumia ni sharti lililoandikwa tayari, ambalo analinakili kwenye kibali. Na sharti la saa likiandikwa kwa mstari mmoja tu, "biashara itafungwa saa 5 usiku," limeharibika kabla ya kutumika. Kufunga ni nini? Geti kufungwa, oda ya mwisho kuchukuliwa, muziki kuzimwa, au mteja wa mwisho kuondoka? Kila wakili atachagua jibu linalomfaa mteja wake. Sharti zuri linatenganisha shughuli. Muziki wowote nje ya kuta nne unazimwa saa 2 usiku, kwa sababu hapo ndipo usiku wa kanuni za kelele unapoanza. Oda ya mwisho inachukuliwa nusu saa kabla ya kufunga. Wateja wanakuwa wametoka getini ifikapo saa fulani iliyotajwa. Chupa tupu hazimwagwi kwenye kreti wala kupakiwa kwenye lori kati ya saa 4 usiku na saa 1 asubuhi. Jenereta inakaa kwenye kibanda chenye kinga ya sauti, mbali na ukuta wa makazi. Bodaboda na teksi zinasubiri upande wa barabara kuu, wala si kwenye kichochoro cha fleti. Wanaoishi karibu na baa wanajua kwamba mara nyingi kinachowaamsha si muziki. Ni kreti za chupa saa 8 usiku, milango ya magari na watu wanaoagana kwa sauti barabarani. Saa ya kufunga baa pekee haigusi lolote kati ya hayo, na wakati mwingine inayazidisha kwa kuwatoa watu wote kwa dakika moja.

Hata hivyo, saa ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ni umbali na nguvu ya sauti, na hapa hesabu ni nyepesi kiasi kwamba inasikitisha kuona kamati zikibishana miaka bila kuifanya. Sauti inayotoka kwenye spika moja nje hupungua kwa takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Spika inayotoa desibeli 100 kwa umbali wa mita moja, jambo la kawaida kwa DJ, inafika kwenye ukuta wa fleti iliyo mita 40 ikiwa na desibeli 68. Dirisha lililo wazi linapunguza kama 13, kwa hiyo chumbani kuna 55. Likifungwa, kioo cha kawaida kinaweza kupunguza kama 25, zinabaki 43. Kiwango cha usiku ndani ya nyumba ni 35. Maana yake jirani akifunga madirisha yote na kuvumilia joto, bado sheria imevunjwa. Spika ile ile ikishushwa hadi desibeli 80 kwa mita moja, ukuta unapata 48, na chumba chenye dirisha wazi kinapata 35. Desibeli 20 ndizo zinazotofautisha vita na amani.

Mwenye baa atasema kwa desibeli 80 wateja hawatahisi muziki. Atakuwa sahihi akiendelea kutumia spika mbili kubwa kwenye nguzo, zikilazimika kumfikia mteja wa meza ya mwisho. Azigawe. Spika ndogo nane, kila moja desibeli 70 kwa mita moja, zikiwekwa chini karibu na meza na kuelekezwa mbali na fleti, zinajumlika kuwa takriban 79 kwa anayezisikia kutoka mbali, na kila meza ina muziki wake. Juu ya hapo kifungwe kidhibiti cha sauti kati ya mikisa na amplifaya, kilichowekewa kikomo siku ambayo mita imesimama kwenye dirisha la jirani, na funguo yake ikae kwa meneja, wala si kwa DJ. Kinachoharibu mpango huu karibu kila mahali ni DJ mgeni anayekuja na amplifaya yake na kukiruka kidhibiti. Kwa hiyo sharti liseme wazi: muziki wote upite kwenye mitambo ya nyumba.

Kupima nako kuna mitego. Simu inaweza kuonyesha mwelekeo, lakini mbele ya kamati haisimami. Inatakiwa mita iliyokaguliwa na yenye cheti cha ukaguzi ambacho muda wake haujapita. Kanuni zinapima wastani, saa 14 za mchana na saa 10 za usiku. Baa iliyopiga kelele saa tatu kisha ikanyamaza hadi alfajiri hupunguziwa takriban desibeli 5 na wastani huo, na video ya dakika moja haiwezi kujibu hoja hiyo. Halafu kuna besi. Desibeli zinazotajwa na watu wengi ni zile zilizochujwa kufuata sikio la binadamu, na mchujo huo unaikata sauti nzito ya hezi 63 kwa desibeli 26. Mita inasoma kiwango cha kuridhisha na huku kabati linatetemeka. Kanuni za 2009 hazikusahau hilo: jedwali lake lina safu nyingine ya viwango inayopima kila bendi ya mawimbi peke yake, na kwa makazi usiku kiwango hicho ni 25. Wakazi waombe kipimo hicho kwa jina lake, NR (Noise Rating), kwa maandishi. Mtaalamu aliyeombwa kupima desibeli atapima desibeli.

Kanuni hizo zina kasoro yao, na ni haki kuitaja. Kiwango cha usiku ni 35 kwenye makazi, 35 kwenye mtaa uliochanganya makazi na burudani, na 35 hata kwenye eneo la biashara. Magari ya Ngong Road peke yake yanakipita. Kiwango ambacho barabara tupu isiyo na baa haiwezi kukitimiza kinamfanya kila mfanyabiashara kuwa mkosaji wa kudumu, na mkosaji wa kudumu anakuwa shamba la kuvunwa na kila askari anayepita Ijumaa jioni. Kanisa la hema linalofanya kesha liko kwenye hali hiyo hiyo. Ingekuwa bora mtaa uliochanganyika uwe na kiwango cha kweli cha usiku kinachozidi kidogo, kisha kisimamiwe bila huruma. Uganda, katika kanuni zake za 2003, iliweka 35 kwa makazi na 45 kwa mtaa uliochanganyika. Huo ni mpangilio unaotekelezeka.

Mwisho wa Novemba 2022, serikali ya Kaunti ya Nairobi chini ya Gavana Johnson Sakaja ilitangaza kufuta leseni za vilabu vya usiku vilivyo kwenye makazi, vilabu vibaki katikati ya jiji na kwenye barabara chache za kibiashara. Machi 2024, Wizara ya Usalama wa Ndani nayo ikatoa maagizo ya nchi nzima kuhusu pombe, yakikumbusha saa za sheria ya 2010. Wakazi walishangilia mara zote mbili, na walikuwa na sababu. Lakini tamko la jumla linakutana na Ibara ya 47 ya Katiba na sheria ya 2015 ya utendaji wa haki wa kiserikali: mtu anayeondolewa haki yake apewe notisi, asikizwe, na apewe sababu. Tamko halitofautishi kilabu kilichojificha kwenye leseni ya mkahawa na baa iliyotimiza kila sharti. Linampa mkosaji wakili mzuri na hoja nzuri. Notisi ya utekelezaji, yaani amri ya maandishi ya kaunti ya kukomesha uvunjaji wa kibali, inayotaja ploti moja, kibali kimoja, sharti la tatu na usiku ambao lilivunjwa haina mvuto wa kamera, lakini ni ngumu sana kuipindua.

Wanaoishi tayari karibu na baa iliyopata kibali bila masharti hawajafungiwa njia zote. Waanze kwa kuomba nakala ya kibali na ya leseni ya pombe. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Wakikuta kibali ni cha mkahawa na shughuli ni kilabu, hoja yao ibadilike hapo hapo: waache kulalamikia kelele kwanza, walalamikie matumizi ya ardhi yasiyo na kibali, na waombe kaunti itoe notisi ya utekelezaji kwa mmiliki na mpangaji wote wawili. Mmiliki wa ploti asiyetajwa hana haraka. Wakati huo wafungue daftari: tarehe, saa muziki ulipoanza na ulipokoma, chumba gani, dirisha wazi au limefungwa, upepo unatoka wapi, nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi) kama waliita polisi. Daftari la fleti tatu tofauti, lililoandikwa usiku huo huo, lina uzito kuliko waraka wenye sahihi mia mbili. Wakifika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Ibara ya 70 haiwadai wathibitishe kwamba kuna mtu aliyeumia au kupata hasara. Inatosha kwamba haki ya mazingira safi na salama ya Ibara ya 42 imeingiliwa au inatishiwa.

Upande wa pili una haki pia. Zipo baa zilizokuwa kwenye bangalo lao miaka mingi kabla mnara wa jirani haujachimbiwa msingi. Mwenye mnara alijua anajenga wapi, akauza fleti kwa picha za jioni tulivu, akaweka kioo chembamba ili kuokoa gharama. Uingereza iliingiza mwaka 2018 katika sera yake ya mipango kanuni kwamba anayeleta mabadiliko ndiye anayelipia kinga. Nairobi ingefaidika ikiiandika hiyo kwenye vibali vya fleti: anayejenga vyumba vya kulala mbele ya burudani iliyopo kihalali aweke vioo viwili na avipange vyumba upande wa pili wa jengo. Na baa inayokuja kwenye makazi yaliyopo ilipie ukuta, paa na kidhibiti chake.

Leseni ya pombe ni ya miezi 12. Kamati inatoa notisi ya majina ya waombaji, na mtu yeyote anaweza kuweka pingamizi. Chama cha wakazi kijue tarehe ambayo leseni ya baa hiyo inaisha, na miezi miwili kabla kiwe na daftari, kipimo cha NR, nakala ya kibali cha ardhi, na ukurasa mmoja wa masharti yaliyotenganishwa kama yalivyoelezwa hapo juu. Kisimwombe mwenyekiti wa kamati kuifunga baa. Kimwombe aiongezee muda kwa masharti hayo, na kiende na nakala ya ziada ya kumpa mwenye baa, siku saba kabla ya kikao.